Askari mmoja senti mia: kuandika tathmini ya sataranji kwa mkono

Andika injini ya sataranji, yaani programu ya kuicheza, inayohesabu kete tu na haijui kingine, kisha iachie nyeupe. Itafungua kwa kumsogeza askari a3, au itampeleka farasi a3 (mistari ya ubao ina herufi a hadi h, safu zina namba 1 hadi 8). Haijakosea hesabu. Hatua zote 20 za mwanzo haziongezi wala hazipunguzi kete, kila moja inatoa sifuri, na programu inachukua ile iliyotangulia kwenye orodha. Baadaye utaiona ikiipeleka ngome b1 na kuirudisha a1 huku mpinzani anajipanga kwa raha zake. Ukiiachia kete ya bure itakula vizuri tu. Isilolijua ni mahali pa kusimama.

Kuijulisha hilo ndiyo kazi ya tathmini: kipande cha programu kinachotazama ubao ulivyo na kutoa namba moja. Kazi ya kuona mbele ni ya utafutaji, yaani nikienda hapa, naye akienda pale. Utafutaji una kikomo, na kila unapofika kikomo hicho huiuliza tathmini: "Hapa, nani yuko juu, na kwa kiasi gani?" Huuliza swali hilo mamilioni ya mara kwa sekunde chache, kwa hiyo jibu linatakiwa liwe la haraka na liwe la kweli kiasi cha kutosha.

Mwaka 1950 mwanahisabati Claude Shannon alishaandika umbo lake. Malkia 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, askari 1, mfalme 200. Kisha toa nusu ya askari kwa kila askari aliyepandana na mwenzake kwenye mstari mmoja, aliyeachwa nyuma, au aliye mpweke, na ongeza sehemu ya kumi ya askari kwa kila hatua halali unayoweza kucheza. Pande zote mbili zinahesabiwa, kisha unatoa moja kwa nyingine. Mengi yaliyofuata kwa miaka 70 ni kurekebisha namba hizo na kuongeza safu za jumla na kutoa.

Injini kubwa zimeshaiacha njia hii. Stockfish 12 ya mwaka 2020 iliingiza mtandao wa neva, yaani tathmini inayojifunza namba zake yenyewe kutoka mifano mingi, na katika toleo la 16.1 la mwaka 2024 tathmini ya mkono ilikuwa imeshaondolewa kabisa. Pamoja na hayo, mtandao wa neva haulishwi hewa. Mara nyingi unataka mamilioni ya hali za mchezo zilizokwishapimwa na kitu kingine, na kitu hicho lazima kianzie mahali. Zaidi ya hapo, tathmini ya mkono unaweza kuisoma. Ikifanya upuuzi, unaona ni mstari gani wa programu uliofanya.

Tufanye hesabu kwa senti, kama zilivyokuwa senti za shilingi: askari mmoja ni 100. Ukitumia namba kamili hutahangaika na desimali, na kompyuta inakwenda mbio zaidi. Kwa kuanzia chukua namba za Tomasz Michniewski: askari 100, farasi 320, askofu 330, ngome 500, malkia 900. Hazikuokotwa tu. Farasi anazidi askari watatu, kwa hiyo injini haitamtoa kwa askari watatu bila sababu. Askofu na farasi pamoja wanafanya 650, ambayo ni ngome na askari mmoja na nusu, kwa hiyo haitawatoa wawili hao kwa ngome na askari mmoja, kosa ambalo namba za 3 na 5 za skuli zinaliruhusu. Malkia na askari ni sawa na ngome mbili.

Baada ya kete linakuja jedwali la miraba: kila aina ya kete ina namba 64, moja kwa kila mraba. Kwenye jedwali la Michniewski farasi akiwa b1 au g1 ana -40, akifika f3 ana +10, akienda a3 ana -30. Basi kumtoa g1 hadi f3 kunaleta senti 50, na b1 hadi a3 senti 10 tu. Askari wa e2 ana -20, akifika e4 ana +20, faida 40. Kwa namba hizo chache injini ile ya mwanzo sasa inafungua kama mtu. Hakuna kipengele kingine kitakachokupa faida kubwa namna hii kwa kazi ndogo namna hii, na nadhani wengi wanakipita haraka mno.

Hapa ndipo pia inapozaliwa kasoro ya kwanza ya karibu kila mwandishi. Jedwali tunaliandika kama ubao unavyoonekana, safu ya 8 juu na safu ya 1 chini, lakini ndani ya programu mraba namba 0 mara nyingi ni a1. Ukisoma jedwali moja kwa moja bila kuligeuza, nyeupe inapata namba za upande wa pili: askari wake wa e2 anapewa +50 iliyokusudiwa safu ya 7, na akienda e4 anashuka hadi 25. Dalili yake ni injini isiyotaka kugusa askari, imejikunja tu nyuma. Dawa ni kusoma mraba^56 kwa nyeupe na mraba wenyewe kwa nyeusi (^ ni ile operesheni ya biti iitwayo XOR; ikitumiwa na 56 inageuza safu na kuacha mistari ilivyo).

Kasoro ya pili ni ya alama ya + na −. Utafutaji wa negamax, unaogeuza + kuwa − kila zamu inapobadilika, unataka namba kutoka kwa yule ambaye ni zamu yake, wewe umerudisha namba ya nyeupe siku zote. Injini itacheza vizuri ikiwa nyeupe na kama mgonjwa ikiwa nyeusi, au itakuwa nzuri kwa kina cha 4, yaani ikitazama hatua nne mbele, na mbovu kwa kina cha 5.

Kasoro hizi mbili, na nyingine nyingi ambazo bado hujazifanya, zinakamatwa na jaribio moja. Chukua hali elfu moja, geuza kila moja juu chini, badilisha rangi za kete na zamu ya kucheza, kisha pima tena. Namba mbili lazima zilingane, bila tofauti ya hata senti moja. Kama unaandika kwa Python, jihadhari na kugawanya kwa //, kunakoshusha jibu hadi namba kamili ya chini: 30//24 ni 1, lakini -30//24 ni -2, na jaribio litalalamika kwa senti moja moja ambazo hazina mwenyewe.

Anayecheza bao hahitaji kuelezwa kirefu kwamba kitu kinabadilika thamani mchezo ukiendelea. Wakati wa kunamua, kete za mkononi zinapoingizwa, una hesabu zake, ukiingia mtaji, zikiwa zote ubaoni, una nyingine. Sataranji vilevile: mfalme anayejificha pembeni wakati malkia wawili wako hai ndiye huyohuyo anayetakiwa katikati ya ubao wakiwa wamebaki askari. Ukiweka kizingiti, kwamba kete zikipungua chini ya kiasi fulani tumia jedwali la mwisho, injini itacheza kizingiti chenyewe: itabadilishana kete au itakataa kubadilishana ili tu iruke upande wa namba unaoipendeza. Tunachofanya ni kuandika namba mbili kwa kila kitu, ya kati na ya mwisho, na kuzichanganya kidogo kidogo. Injini ya Fruit ya Fabien Letouzey, iliyoshika nafasi ya pili kwenye ubingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 2005, ndiyo iliyoieneza njia hii kwa sababu programu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu kuisoma.

Farasi na askofu hesabu 1 kila mmoja, ngome 2, malkia 4. Jumla ya pande zote mbili ndiyo hatua ya mchezo, na mchezo ukianza ni 24. Halafu:

tathmini = (kati × hatua + mwisho × (24 − hatua)) / 24

Chukua hali ambapo kila upande umebaki na ngome moja na farasi mmoja. Hatua ni 3 na 3, yaani 6. Kama namba ya kati ni +40 na ya mwisho ni -15, unapata 240 ukitoa 270, yaani -30, gawanya kwa 24, inabaki senti moja ya hasara. Mtu anayetazama namba ya kati peke yake angedhani yuko juu. Usisahau kuzuia hatua isivuke 24. Askari akigeuka malkia mapema jumla inafika 28, namba ya mwisho inazidishwa kwa -4, na kila kitu kizuri cha mwisho kinageuka kibaya.

Kete zenyewe pia zinapewa bei mbili. Katika PeSTO, tathmini yenye kete na majedwali tu, farasi ni 337 kati na 281 mwisho, ngome ni 477 kisha 512, askari 82 kisha 94. Ubao ukifunguka farasi anashuka, ngome inapanda.

Mpaka hapo una injini ya heshima. Kinachoiharibu ni hamu ya kuongeza, na uharibifu mwingi una asili moja: kitu kimoja kinalipwa mara mbili kwa majina mawili.

Tazama farasi huyuhuyu. Akiwa pembeni kabisa, a1, jedwali linampa -50. Akiwa e4 linampa +20. Tofauti ni 70. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba a1 ana pa kwenda miraba 2 na e4 ana 8. Sasa unaongeza kipengele cha nafasi ya kutembea, senti 4 kwa kila mraba anaoufikia. Miraba 6 zaidi ni senti 24. Farasi wa katikati sasa anamzidi wa pembeni kwa 94, karibu askari mzima, na injini itakuwa tayari kumtoa askari wa kweli ili farasi wake akae katikati. Kipengele ni sahihi, jedwali ni sahihi, jumla yake ndiyo mbaya. Ukiongeza nafasi ya kutembea, rudi kwenye majedwali uyapunguze makali. Na unapohesabu miraba ya kutembea, ondoa ile inayolindwa na askari wa mpinzani, maana hiyo si nafasi, ni mtego. Ondoa pia iliyokaliwa na kete zako mwenyewe.

Mtego huohuo uko kwa askari aliyepita, yule ambaye hana askari wa adui mbele yake wala mistari ya jirani. Kumpa tuzo inayopanda kwa kasi kadiri anavyokaribia safu ya 8 ni sawa kabisa, lakini jedwali lilishampa 50 kwenye safu ya 7. Askari wawili waliopandana na kutengwa wanaadhibiwa kwa kupandana, tena kwa upweke, kila mmoja. Ngome kwenye mstari ulio wazi inapata tuzo ya mstari, na kwa kuwa mstari ni wazi inapata pia miraba mingi ya kutembea. Jozi ya maaskofu ni nusu ya askari kwa takwimu alizochapisha Larry Kaufman mwaka 1999, ila alianza na farasi na askofu wenye bei moja. Wewe uliyempa askofu senti 10 zaidi umeshalipa sehemu ya deni hilo.

Usalama wa mfalme unastahili kukaliwa kitako, kwa sababu hapo jumla ya kawaida haifai. Malkia peke yake karibu na mfalme hamfanyi kitu. Malkia na farasi ni hatari. Ukiongeza ngome ni msiba. Kwa hiyo hatari inazidishwa. Chora eneo la mfalme: miraba anayoweza kufika, na miwili au mitatu zaidi mbele yake. Kila kete ya adui inayogusa eneo hilo inaleta alama kwa kila mraba inaougusa: farasi au askofu 20, ngome 40, malkia 80. Jumlisha, kisha zidisha kwa asilimia inayotegemea idadi ya washambuliaji: mmoja 0, wawili 50, watatu 75, wanne 88, watano 94.

Malkia anagusa miraba 3, ni 240. Farasi anagusa 2, ni 40. Jumla 280, washambuliaji wawili, nusu yake ni senti 140. Lete ngome inayogusa 2, ongeza 80: ni 360 kwa asilimia 75, yaani 270. Ngome moja imeongeza senti 130 bila kula chochote. Kama malkia wa mshambuliaji hayupo ubaoni, kipengele chote hiki kipunguzwe sana au kizimwe. Injini isiyofanya hivyo inamficha mfalme wake wakati wenzake wameshamtoa kwenda kazini.

Kuna vitu ambavyo havitakiwi kuingia kabisa. Kete iliyo wazi kuliwa ni mojawapo. Utafutaji wa kutuliza, ule unaoendelea kufuata hatua za kula tu mpaka ubao utulie, ndio unaoshughulika nayo, na tathmini inaitwa baada ya hapo. Ukiweka adhabu ya kete inayotishiwa unakilipa tena kitu ambacho utafutaji umeshakilipa.

Mwishoni mwa mchezo kuna aibu mbili zinazoonekana mno. Ya kwanza: mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu. Kila hali inapimwa +500 hivi, zote sawa, na injini inazunguka mpaka hatua 50 zinaisha na mchezo unakuwa sare. Ongeza kipengele kimoja cha kusukuma, kinachofanya kazi tu pale mpinzani hana kitu: 4.7 mara umbali wa mfalme wake kutoka katikati ya ubao, jumlisha 1.6 mara (14 ukitoa umbali baina ya wafalme wawili), umbali ukiwa ni safu na mistari ikijumlishwa. Akiwa kwenye kona umbali wake ni 6, wafalme wakiwa umbali wa 2, unapata 28.2 na 19.2, yaani senti 47. Ni kidogo, lakini kinaipa injini mteremko wa kufuata.

Ya pili ni kinyume chake: injini inafurahia ushindi usiokuwepo. Farasi wawili dhidi ya mfalme mtupu hawawezi kulazimisha ushindi, ingawa namba inasema 640. Askofu na askari wa pembeni, wakati kona ya kugeukia si ya rangi ya askofu huyo na mfalme wa adui ameshafika pale, ni sare. Hali hizi zirudishe sifuri. Maaskofu wa rangi tofauti na askari tu pembeni yao, gawanya tofauti kwa mbili.

Namba zenyewe usizipange kwa macho. Peter Österlund, mwandishi wa injini ya Texel, alionyesha njia inayowezekana hata kwenye laptopu ya kawaida. Kusanya hali tulivu kutoka michezo iliyokwisha, kila moja na matokeo yake: 1, 0.5 au 0 kwa nyeupe. Geuza tathmini kuwa makadirio ya matokeo kwa 1/(1+10^(−K×s/400)), s ikiwa senti kwa upande wa nyeupe, K namba ya kurekebisha kipimo, na ^ hapa ikiwa kipeo, si ile ya biti. Tafuta kwanza K inayopunguza wastani wa mraba wa makosa, uifunge hapo, kisha sogeza kila namba senti moja juu au chini na uache kila badiliko linalopunguza kosa. Endelea mpaka hakuna kinachosogea. Hapo ndipo malipo ya mara mbili yanapojianika: kipengele ulichokiamini kinaporomoka hadi sifuri, au kinageuka hasi, kwa kuwa mwenzake ameshabeba mzigo. Kikifanya hivyo, kifute. Usikirudishe kwa mkono eti kwa sababu kitabu kinasema.

Kosa kupungua si ushahidi kwamba injini imekuwa na nguvu. Ushahidi ni michezo, tena mingi. Ukicheza 100, ukingo wa shaka ni takriban pointi 50 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, juu au chini. 1,000 unashuka mpaka kama 17. Vipengele vingi vinaleta 3 au 5. Ndiyo maana tunatumia SPRT, jaribio linalosimama lenyewe: weka dhana ya faida ya Elo 0 dhidi ya 5, kosa la asilimia 5 kila upande, na lisimame kipimo chake kikigusa 2.94 (badiliko limepita) au -2.94 (limeshindwa). Anzia kwenye funguzi mbalimbali na kila funguzi ichezwe kwa rangi zote mbili. Cheza kwa muda, si kwa kina. Kwa kina kilichofungwa kipengele kizito kinaonekana kizuri maana hakilipii muda wake, na ukirudi kwenye saa unakuta injini imepoteza kina kizima. Mpangilio wa askari, ambao haubadiliki kila hatua, hifadhi kwenye jedwali lake lenye ufunguo, yaani namba ya utambulisho, wa askari peke yao. Ila ukiingiza na ngao ya mfalme, wale askari walio mbele yake, humo, ufunguo lazima umtaje na mfalme mahali alipo, la sivyo utasoma ngao ya mfalme aliyekwishahama.

Kwa walioko huku visiwani: msimu wa kaskazi laptopu iliyofungiwa chumbani hupata joto na kupunguza kasi yenyewe, na umeme ukikatika nyingi hushusha kasi kwa ajili ya betri. Injini mbili zinazocheza kwa zamu kwenye mashine moja zinaumia sawasawa, lakini michezo itakayoanguka kwa saa ni mingi. Itupe hiyo, usiihesabu.

Na bao, je? Hapa ndipo tathmini ya mkono bado ina kazi ya kweli, kwa kuwa hakuna ghala la mamilioni ya michezo ya kulishia mtandao. Kuhesabu kete peke yake hakusaidii sana: kete ni 64 tangu mwanzo mpaka mwisho, na zamu moja inaweza kuhamisha rundo zima kwenda upande wa pili. Ningeanza na kete za safu ya mbele, kwani ikiwa tupu umefungwa, idadi ya mashimo unayoweza kulia, na nyumba kama bado ipo na ina ngapi. Hatua ya mchezo inajihesabu yenyewe: kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, wawili 44, basi zidisha namba za kunamua kwa zilizobaki mkononi, za mtaji kwa 44 ukitoa zilizobaki, gawanya kwa 44. Lakini ule ujanja wa ^56 usiuhamishe. Nyumba ya kila mchezaji iko upande wake wa kulia, kwa hiyo ubao wa bao haugeuzwi juu chini. Unazungushwa nusu duara: shimo la i kwa huyu ni la 7−i kwa yule.